Hawe anapalilia, watu wanasema "maskini": shida iko kwa rangi gani?

Kuna kijana ameniandikia kutoka Kaloleni, swali lake nalifupisha hapa ili na wengine wafaidike. Amechora nyanyake, yeye anamwita hawe kama Wagiriama wanavyosema, akipalilia mahindi kwa jembe, turubai ya sentimita 60 kwa 80, rangi za akriliki. Anasema alitumia hudhurungi na kijivu tupu manake picha zote za wakulima za Wazungu alizoziona kwa simu ziko hivo, na alitaka hawe aonekane mtu wa heshima. Sasa kila anayeiona anasema "maskini, nyanya wa watu." Akachora nyingine, hii akaipiga rangi kali, manjano, machungwa, kijani, ikatoka kama zile zinazopangwa kando ya bichi kungoja watalii. Anauliza, "Mwalimu, nitumie rangi gani ili hawe asionewe huruma na pia asiwe pambo la ukuta?"

Mwanangu, nimelisoma swali lako mara tatu na nakujibu kwa urefu, manake mimi mwenyewe nimelibeba hili swali miaka mingi tangu nikiandika vibao vya maduka hapa Mombasa mpaka sasa nafundisha watoto kuchora.

Jibu lenyewe kwanza, alafu nikufafanulie. Ndani ya chupa hakuna rangi ya heshima wala rangi ya huzuni. Rangi ya shambani inapata maana ukijua ni saa ngapi, ni mwezi gani, na mwangaza umemwangukia nani. Picha zako mbili nimezitazama vizuri kwa simu na kwa kompyuta: ya kwanza haina saa, ya pili haina mwezi. Ndo maana anayeitazama hana pa kushika, anashika lile lililo karibu, huruma ama urembo.

Hebu nikueleze lililonipata. Zamani kidogo hoteli moja huku pwani ilinipa kazi ya picha kubwa ya ukutani, wakata mkonge. Nikaenda pande za Vipingo nikakaa siku mbili natazama watu wakikata, nikarudi na michoro ya penseli mizuri tu. Waliponiona naanza kupaka wakaniambia tia jua la kutua, wageni wanapenda. Nikatia. Machungwa juu, zambarau chini, wale watu wakawa vivuli vyeusi na mafungu ya mkonge mabegani, na mimi nikaridhika kabisa. Siku ya kuitundika, mzee mmoja aliyekuwa akitunza bustani pale akasimama mbele ya ile picha akaniuliza kwa upole, "Fundi, hawa wanafanya nini shambani magharibi?" Kumbe alikata mkonge ujanani mwake. Akaniambia sisi tulikuwa tukiingia alfajiri kiza bado kiko, jua likishika kichwa tushamaliza kuhesabu mafungu, magharibi mkata mkonge ameshaoga yuko nyumbani anangoja chakula. Sikuwa na la kumjibu. Ile machungwa ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa rangi ya mtu aliyekaa verandani anaangalia mbali. Mwenye panga hakuwahi kuiona akiwa kazini. Na yule mzee hakuzungumza habari ya rangi hata kidogo, alizungumza habari ya saa, na picha yote ikaanguka hapohapo.

Tangu siku hiyo kabla sijafungua chupa naandika saa nyuma ya turubai. Na wewe fanya hivo.

Sasa hizo picha za Wazungu. Nadhani ulizoziona nyingi ni za Jean-François Millet ama za waliomfuata. Huyu Millet alizaliwa 1814 kwa familia ya wakulima kule Normandy, Ufaransa, kwa hivo jembe alilijua kwa mikono, hakuhadithiwa. Ile picha yake ya mwaka 1857 ya wanawake watatu wanaookota masazo, ambayo iko kwenye jumba la sanaa la Musée d'Orsay pale Paris, itafute tena uitazame polepole, usiangalie wale wanawake kwanza, angalia nyuma yao. Huko nyuma kuna mwangaza wa dhahabu, marundo ya ngano makubwa kama nyumba, mkokoteni umejaa, watu wengi wanavuna na kuna bwana juu ya farasi anasimamia. Mavuno yote yako kwenye mwangaza. Mbele huku ndo kuna wale watatu, wameinama, nyuso zimemezwa na kivuli, wanaokota yaliyobaki kama Ruthu kwenye Biblia. Wawili walioinama kabisa wako chini ya mstari wa upeo, pale ardhi inapokutana na mbingu, yule wa tatu aliyeinuka nusu ndo kichwa chake kinafika pale mstarini. Yaani Millet amezigawa sehemu mbili za picha kwa mwangaza, neema iko kule, hawa wako hapa. Ilipoonyeshwa ilikuwa miaka 9 tu tangu mapinduzi ya 1848 yaliyomng'oa mfalme wa Ufaransa, na wenye mali walioiona hawakupenda, waliona kama wanatishwa.

Kwa hivo ile hudhurungi ya Millet ilikuwa na kazi. Ilikuwa inasema hawa si wenye shamba. Na wewe umeichukua hudhurungi ukaiacha ile dhahabu ya nyuma, umechukua nusu ya maneno. Tena niambie, hawe wako anaokota masazo ya mtu? Umeniandikia mwenyewe kwamba shamba ni lake, alilipata kwa babake, mahindi ni yake na mihogo ile ya pembeni ni yake. Sasa kwa nini yuko kivulini kama mgeni kwenye shamba lake mwenyewe? Hapo ndo "maskini" ilipotoka. Watu hawakukosea, wamesoma ulichokiandika.

Lakini hata hao wanawake wa Millet usidhani ni hudhurungi tupu. Mmoja ana kitambaa cha bluu kichwani, mwingine chekundu, si kali, lakini ndani ya ile picha iliyotulia zinasikika. Kwa simu hizo rangi zinakufa, ndo shida ya kujifunza kwa simu.

Kuna jambo jingine kuhusu mwangaza wenyewe ambalo wengi wetu huku pwani tunalisahau, na mimi nalirudia kila Jumamosi darasani. Paris iko karibu nyuzi 49 kaskazini ya ikweta. Sisi Mombasa tuko nyuzi 4 kusini. Kule jua halipandi utosini hata siku moja kwa mwaka, linapita ubavuni, kwa hivo jioni ya kiangazi inakuwa ndefu sana, mwangaza wa manjano unalala juu ya mashamba saa nzima na zaidi, na mchoraji ana wakati wa kukaa nao. Hapa kwetu jua linapanda wima na kushuka wima, likishazama dakika kama 20 hivi ni kiza. Na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, linapita juu ya vichwa vyetu kabisa, mchana ukisimamisha mti wa jembe hauna kivuli. Sasa mtu akichukua ule mwangaza wa ubavuni wa Ufaransa akamwangazia hawe wa Kaloleni, hata asiyejua kuchora anahisi kuna kitu si cha kwao, ila hawezi kukwambia ni nini.

Mwangaza wetu unafanya nini basi? Mchana kivuli kinajikusanya chini ya miguu kama mkeka mdogo. Uso unafunikwa na kitambaa ama kofia ya ukindu. Alafu, hapa sikiliza vizuri, jua linapiga udongo na udongo unarudisha mwangaza juu. Chini ya kidevu, chini ya mkono, upande wa ndani wa shavu, kote kule ambako kwenye picha zao kungekuwa na kiza, kwetu kunawaka wekundu wa udongo, na kama ni mchanga mweupe wa karibu na bahari kunawaka weupe wa maziwa. Nimekaa miaka mingi nikipaka vivuli vyeusi chini ya kidevu kwa sababu ndivyo vilivyo kwenye vitabu. Siku moja nikamtazama mamangu anapepeta mchele uani saa tano, nikaona kidevu chake chini kina rangi ya chungu kipya. Nikaingia ndani nikachukua brashi.

Ngozi nyeusi ndo inayoonyesha haya vizuri kuliko ngozi yoyote, manake inang'aa. Chukua mkono wa hawe akiwa ameshika mpini. Upande wa juu, mgongo wa mkono hadi kiwikoni, umeelekea mbinguni, kwa hivo pale penye mng'ao usitie nyeupe, tia samawati iliyofifia, weupe wa bluu, ni mbingu imekaa pale. Upande wa chini umeelekea udongo, tia hudhurungi nyekundu yenye moto. Katikati ndo rangi yake mwenyewe. Mkono mmoja una mbingu juu na ardhi chini. Usitumie nyeusi ya chupa kwa ngozi, naomba sana, inaua. Changanya altramarini, ile bluu nzito, na siena iliyochomwa, ile hudhurungi nyekundu, utapata weusi mzito ambao ukiusogeza kidogo unakuwa baridi na ukiusogeza upande wa pili unapata joto, na huo ndo unaofanana na watu wetu.

Na hapo hapo uangalie kwa nini picha ya simu imekudanganya. Ulimpiga hawe akiwa na mbingu nyuma, simu ikashika mbingu, uso ukawa doa jeusi, wewe ukalichora lile doa. Wapita njia wakaona mtu asiye na uso ameinama, utawalaumu?

Nije kwa huzuni na furaha sasa. Vincent van Gogh anaweza kukusaidia kuliko Millet, kwa sababu yeye alipita njia yako, kwanza hudhurungi alafu rangi kali. Mwaka 1885 akiwa Nuenen, Uholanzi, alichora familia ya wakulima wanakula viazi usiku chini ya taa moja. Kiza kitupu, kijani kilichochafuka, nyuso ngumu. Alimwandikia kakake mdogo Theo kwamba rangi ya nyuso ni kama ya kiazi chenye vumbi ambacho hakijamenywa. Ona alivyofikiri, rangi ya watu aliitafuta kwenye kitu walichokichimba kwa mikono yao wenyewe. Hakwenda kutafuta "rangi ya umaskini." Alafu 1888 yuko Arles, kusini mwa Ufaransa kwenye jua, anachora mpanzi, na shamba analipaka zambarau na bluu, mbingu manjano, jua kubwa nyuma. Mkulima yuleyule anayetembea akitupa mbegu, lakini sasa unasikia kama ngoma.

Alafu kuna lile ambalo nataka ulifanye kama zoezi. Mwaka 1889 na 1890 akiwa hospitalini Saint-Rémy alikuwa na nakala za picha za Millet zilizochapishwa nyeusi na nyeupe. Akazichora upya kwa rangi za mafuta, rangi akazitoa kichwani mwake. Kuna moja ya mume na mke wamelala chini ya rundo la ngano mchana, viatu vimevuliwa viko pembeni, mundu umewekwa. Umbo ni la Millet, mtu hajasogezwa. Lakini Van Gogh amelaza bluu za nguo juu ya manjano na machungwa ya ngano, na hizo rangi mbili ziko mkabala, kila moja inaichochea mwenzake. Unahisi joto la mchana na usingizi mtamu wa mtu aliyeamka alfajiri. Hakuna huruma pale, hakuna pambo pia. Mtu amechoka kwa kazi yake na amepumzika, basi. Hiyo ndo hali unayoitafuta, na ilipatikana kwa rangi kali. Kwa hivo usiogope rangi kali mwanangu, kilichokuangusha kwenye picha ya pili ni kwamba zote umezipandisha sauti pamoja. Mahindi yanapiga kelele, mbingu inapiga kelele, leso inapiga kelele, hawe hasikiki.

(Na usiseme "picha za watalii" kwa dharau hivo. Edward Saidi Tingatinga, ambaye watu huiga mtindo wake kila pahali, aliwahi kuwa kibarua wa mashamba ya mkonge kule Tanga kabla hajaanza kupaka rangi za baiskeli kwenye mbao Dar es Salaam. Ile rangi inayong'aa alikuwa na sababu nayo, ilikuwa ndo rangi aliyoweza kuinunua. Shida inakuja kwa anayeiga bila sababu.)

Sasa niseme ambalo kwangu ndo kubwa zaidi, na vitabu vya kuchora haviligusi. Mkulima anasoma rangi. Wewe na mimi tunaona shamba la manjano tunasema uzuri ulioje. Hawe akiona mahindi ya manjano anauliza huu ni mwezi gani. Kama ni Agosti, alhamdulillahi, yamekauka, tuvune. Kama ni Mei, masika imekata, kuna njaa inakuja. Manjano ileile! Moja ni shibe moja ni msiba, na wewe kwenye picha yako ya pili umempaka hawe anapalilia, kazi ya mwezi wa tano, na mahindi yenye urefu wa goti ukayapaka dhahabu. Mkulima yeyote wa Kaloleni akiiona roho itamshtuka. Umechora ukame ukadhani umechora furaha.

Nenda kwa hawe mwulize akufundishe hizo rangi, anazijua kuliko mimi. Jani la mhindi lenye afya si kijani ya chupa, ni kijani iliyoelemea bluu, nzito, na lina mstari mweupe katikati. Likianza manjano kwenye ncha likashuka kwa mshipa wa kati kama alama ya mshale, hasa yale majani ya chini, ardhi imekosa naitrojeni. Kingo zikigeuka zambarau mche ukiwa mdogo, ni fosforasi iliyokosekana. Ukipaka zambarau kwenye jani kwa sababu inapendeza na kijani, umeandika ugonjwa. Udongo nao, mkavu ni mwepesi wa rangi na ukilowa unakuwa mzito, kwa sababu maji yanajaza zile nafasi kati ya chembe na mwangaza unazama badala ya kurudi machoni. Mtu wa mjini ukimpakia ardhi nyeusi ya unyevu anaona kiza na huzuni. Mkulima anaona mvua imenyesha jana, jembe linaingia laini, leo kazi nyepesi. Hapo ndo moyo wa picha yako uko, naona. Ardhi nzito iliyolowa chini, mahindi ya kijani ya bluu, hawe katikati kwenye jua la saa mbili unusu asubuhi, kabla joto halijakaza. Weusi wa ile ardhi ndo habari njema yenyewe.

Sam Ntiro wa Machame, Kilimanjaro, aliyezaliwa 1923 akasoma Makerere, alilijua hili. Alichora wanakijiji kwenye kazi na shughuli zao, watu wadogo wadogo wengi ndani ya kijani kubwa ya migomba na milima, hakuna aliyebebeshwa huzuni wala kuvalishwa sherehe. Moja ya picha zake, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, aliyoichora 1956, ilinunuliwa na jumba la sanaa la MoMA la New York mwaka 1960. Kijani yake ni ya mtu aliyekulia ndani yake.

Sauti moja kubwa lakini uiweke, picha haiwezi kuwa imetulia yote. Iweke kwenye leso. Umesema hawe anafunga kisutu kiunoni, basi umejaliwa, manake kisutu ni nyekundu, nyeusi na nyeupe. Lakini leso ya shambani si ya dukani. Mwombe aifungue kidogo uitazame. Ile sehemu ya mji, yaani katikati ya leso, iliyo juu, inayopigwa na jua kila siku, nyekundu yake imeshakuwa kama embe bivu lililofifia, karibu waridi. Nyeusi imekuwa kahawia. Pindo limechakaa pale magotini anapopigia. Jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, halisomeki tena, limebaki kama moshi. Sasa fungua ule mkunjo wa kiunoni, pale kwenye fundo, ambapo jua halijawahi kufika. Utakuta nyekundu imelala mle mbichi kama siku ilipotoka dukani. Ipake hiyo, kamstari kamoja, upana wa kidole, ndani ya mkunjo, na nyekundu safi kama hiyo isiweko pahali pengine popote kwenye turubai yote. Jicho la mtazamaji litakwenda pale lenyewe, na akifika pale ataelewa miaka mingapi hawe ameivaa ile leso bila wewe kumwambia.

Na hiyo nyekundu itawaka zaidi kwa sababu imezungukwa na kijani. Kuna mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alikuwa anasimamia rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, wateja wakawa wanalalamika nyeusi haijakolea. Akachunguza akakuta nyeusi haina kasoro, ni rangi zilizofumwa kando yake zinaifanya ionekane imepauka. Akaandika kitabu 1839. Kwako wewe maana yake ni rahisi, usiongeze nyekundu kabla hujaangalia jirani zake.

Kuhusu vifaa nitapita haraka. Waridi na nyekundu za bei rahisi zinafifia kwenye jua letu, hata Van Gogh zilimfifia, chumba chake cha kulala alichokichora Arles kuta zilikuwa zambarau, leo tunaziona bluu. Rangi za udongo hazifi. Oka na siena ni udongo wenye kutu ya chuma, kama huo wekundu unaoutia visiginoni kila siku. Siena imechukua jina la mji wa Italia, lakini udongo wa Kaloleni pia ni udongo. Chukua kopo moja, ulowanishe, koroga, ngoja mchanga uzame, mwaga yale maji ya tope kwenye chombo kingine, yalale usiku. Asubuhi mwaga maji safi ya juu, anika ile tope laini, isage kwa chupa juu ya kioo, changanya na gundi ya akriliki. Ukipata udongo wa manjano uweke kwa kikaango kibovu juu ya makaa, uuangalie, utageuka mwekundu mbele ya macho yako, hiyo ndo "iliyochomwa" inayoandikwa kwenye chupa tunazonunua kwa pesa nyingi. Alafu fikiria, miguu ya hawe na ardhi aliyoisimamia unaipaka kwa udongo wa shamba lake mwenyewe.

Ile picha ya kwanza usiitupe. Michoro yako ya mwili ni mizuri, mgongo umeuweka sawa, hasa ule mguu wa nyuma uliojitia ardhini. Ila upeo umeuweka juu sana, umemfunika hawe mzima na shamba. Ushushe mpaka chini ya bega ili kitambaa chake cha kichwa kikate mbingu. Nenda Kaloleni na karatasi na penseli, simu iache nyumbani. Fika kabla ya saa mbili, lima naye mpaka saa tatu, alafu ukae uandike rangi kwa maneno, kidevu kama nini, jani kama nini, kivuli kimeangukia wapi, na saa.

Ukimaliza nitumie. Na kile kikopo cha udongo ukikijaza, nijazie na mimi kimoja, kuna wakata mkonge nataka niwarudishe alfajiri.